Ngazi za Tuira

Alhamisi, saa tisa alasiri, na Oulu imeshaingia giza.
Tunavua viatu mlangoni kwa Rauli,
tunashuka chini ya jengo, chumba cha baiskeli na makopo ya rangi:
meza moja, taa moja, birika la kahawa,
na dadu la nyuso ishirini limelala kama jino lililong'oka.

Karatasi ya mhusika wangu ilikuwa na kisanduku kitupu: Tabia.
Nikaandika kwa penseli: MWEHU.
Herufi tano, kazi imekwisha.

Basi nikawa Tarvo mwenye kijiko.
Nilisema na kijiko, nikakipa jina, nikakiozesha kwa uma.
Nilimmwagia mfalme supu.
Nilimuuza farasi wa Eerik kwa kitunguu kimoja,
kisha nikakililia kitunguu.
Mganga wetu, mganga wa Saimi, nilimchoma kisu usingizini.
"Mnashangaa nini? Si mwehu?"
Kila nilipokosa la kufanya, wazimu ulinikopesha
na haukudai.
Rauli alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.
Kitabu cha sheria nacho kilikuwa na jedwali lake:
rusha dadu, upewe ugonjwa.
Nne, kuogopa maji. Tisa, kusikia sauti.
Kumi na tano, rusha tena, mara mbili.

Saimi alikuwa akichonga penseli
ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Mzaha mzaha, hutunga usaha.
Wangu ulitumbuka darajani, tukirudi,
mto umeganda kingoni, katikati unanguruma.
Akasema bila kunitazama:
"Mama huhesabu ngazi."
Nikangoja kichekesho.
"Tuko ghorofa ya nne. Akikosea hesabu, anarudi juu, anaanza upya.
Amevaa koti la kazi, ana mkoba, ana ufunguo wa duka la dawa.
Siku nyingine anafika saa nne. Siku nyingine hafiki.
Hajamchoma mtu kisu. Hana habari na vijiko.
Ananiambia, Saimi, najua ngazi hazijali,
lakini nikiacha, utakufa wewe."
Akafunga zipu hadi kidevuni.
"Huyo mwehu wako haogopi kitu, Otso.
Si mwehu huyo. Ni wewe tu, umepewa ruhusa."

Usiku nikachukua kifutio.
Neno likatoka, mkwaruzo wake ukabaki;
ukiinamisha taa, bado unalisoma.
Sikujua niandike nini. Mimi si daktari,
nauza matairi.
Mwishowe nikaandika swali:
Anaogopa nini kisimpate nani?
Nikalala saa nane na sikuwa na jibu zuri.

Alhamisi iliyofuata Tarvo hakuja na kijiko.
Alikagua kamba za hema. Akalala. Akaamka, akazikagua.
Mara ya tano Eerik akasema, "Inachosha."
"Ndiyo," nikasema. "Hata yeye imemchosha."
Kimya. Bomba la maji ya moto likagonga ukutani.
Rauli akaangalia jedwali lake, akafunga kitabu.
Mganga wa Saimi alikuwa na dawa ya sumu, dawa ya laana,
dawa ya kuunga mfupa.
Hakufungua hata chupa moja, wala hakurusha dadu.
"Ninatoka nje," akasema Saimi. "Ninamshikia taa."
"Kwa muda gani?" akauliza Rauli, penseli mkononi.
"Mpaka amalize."

Mbwamwitu walikuja, tuliwafukuza vibaya,
Eerik alipoteza sikio na bado anadai farasi wake.
Nao ulikuwa mchezo; tulicheka, Saimi pia,
ingawa si pale nilipodhani atacheka.

Nyumbani nilipanda ngazi nikizihesabu.
Nikapotea kwenye ishirini na kitu.
Nikasimama, mkono kwenye chuma baridi.
Nikaendelea kupanda.
Wala sikuhitaji ushujaa;
miguu iliondoka tu,
kana kwamba hakuna anayenitegemea.